Lengo bila namba na tarehe utaliacha tu

Ukisema "mwaka huu nasevu" hilo bado ni wazo bana, weka namba na tarehe: 600,000 mpaka Desemba 31, ukianza Januari ni 50,000 kila mwezi, na kama unalipwa kwa siku tupia 1,700 kwenye kibubu jioni kabla hujapita kwa muuza chipsi (huyo ndo adui mkubwa, niamini). Chukua karatasi ubandike ndani ya mlango wa kabati, kila ukitupia weka tiki. Kwenye simu hapana, utaisahau. Lengo moja linatosha kwanza, ukichanganya na jimu na kujifunza Kiingereza utaacha yote. Jumapili hesabu tiki, zikipungua fidia wiki inayofuata, ikishindikana kabisa sogeza tarehe, namba usiiguse.