Kuigeuza Madame Bovary kuwa filamu: anza na daftari la madeni

Wengi wanaoisoma Madame Bovary kwa nia ya kuitengenezea filamu hukimbilia chumbani: Emma, mke wa Charles Bovary, na hawara wake Rodolphe, kisha Emma na hawara wa pili, Léon, katika hoteli ya mji wa Rouen. Gustave Flaubert aliifunga riwaya yake kwa kamba nyingine. Kinachomwangusha Emma ni karatasi alizosaini kwa Lheureux, muuza vitambaa na mkopeshaji wa Yonville, mji mdogo wanakoishi. Skripti ikizitupa karatasi hizo, sumu anayojiulia mwishoni huonekana kama deko la mwanamke aliyetoswa na hawara, na mtazamaji hubaki hana huruma naye. Kukopa harusi, kulipa matanga: kwa Emma msemo huu ni kweli neno kwa neno, na skripti ijengwe juu yake.

Kwanza malizana na suala la haki. Flaubert alifariki mwaka 1880, hivyo matini yake ya Kifaransa ni mali ya umma. Tafsiri ni kitu kingine. Kila tafsiri ina mwenyewe, na ulinzi wake hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mfasiri kwa sheria za Kenya na Tanzania, na miaka 70 katika nchi za Umoja wa Ulaya. Usinakili hata mstari mmoja wa mazungumzo kabla ya kujua mfasiri alifariki lini.

Sasa chukua karatasi ndefu, chora mistari miwili, wa juu mapenzi na wa chini fedha. Pitia sura zote 35 ukiweka alama kila mmoja unapogusa mwingine. Mahali inapogusana ndipo penye filamu yako. Mfano bora ni hati ya uwakala katika sehemu ya tatu. Chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, mke hakuweza kufunga mkataba bila idhini ya mumewe, kwa hiyo Lheureux anamtia Emma wazo la kupata hati itakayompa mamlaka juu ya mali ya Charles. Nani aikague? Léon, karani wa mwanasheria, aliyeko Rouen. Emma anajitolea kwenda mwenyewe, na Charles anamsifu kwa wema wake na kumbusu kwenye paji la uso. Anakaa huko siku tatu. Safari moja imebeba usaliti wa kitanda na usaliti wa mali, na aliyeibariki ni mume mwenyewe. Onyesho hilo lipewe dakika tatu kamili. Busu lile lipigwe kwa picha moja isiyokatwa.

Jambo la pili mtazamaji lazima alihisi bila kuhutubiwa: talaka ilifutwa Ufaransa mwaka 1816 na haikurudi hadi 1884. Emma hana mlango. Usiliweke hili kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu. Mhusika mmoja wa pembeni aseme sentensi moja juu ya ndoa ya jirani, kisha mazungumzo yaendelee.

Kugawa dakika

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Kwa dakika 120, mgawo unaofanya kazi ni huu: Tostes, wanakoishi kwanza, na usiku wa dansa kwenye kasri kurasa 18, Yonville hadi barua ya Rodolphe ya kumwacha Emma 45, Rouen 30, siku za mwisho 19, na baada ya kifo 8. Kurasa hizo 8 ndizo wazalishaji hutaka kuzikata kwanza. Zilinde.

Mke wa kwanza wa Charles anaweza kutajwa kwa sentensi moja tu. Ziara ndefu ya kanisa kuu la Rouen inaweza kufupishwa mno. Mguu wa Hippolyte, mtumishi mwenye kifundo kilichopinda ambaye Charles anampasua ili kumnyoosha, usiguswe. Charles si daktari kamili. Cheo chake kiko karibu na kile tunachokiita tabibu, na upasuaji ule unamzidi. Mguu unaoza, daktari anaitwa kutoka Neufchâtel kuukata, na Emma anamdharau mumewe moja kwa moja. Kisha anamnunulia Hippolyte mguu wa bandia, na anayeuagiza ni Lheureux, ambaye tangu hapo anapata sababu ya kuingia nyumbani kila mara. Ukikata mguu, umekata na njia ya mkopeshaji.

Maonyesho ya kilimo

Hapa Flaubert alifanya uhariri wa sinema kabla sinema haijazaliwa. Chini uwanjani viongozi wanahutubia na kutoa zawadi, na juu, ghorofa ya kwanza ya jengo la halmashauri, Rodolphe anamtongoza Emma. Maneno ya uwanjani yanakatiza ya dirishani.

Rekodi hotuba zote kwanza, siku nyingine, pasipo makelele, uzipange kwa urefu wake halisi. Siku ya kupiga picha waigizaji wa dirishani wazisikie kupitia kifaa kidogo sikioni ili wajue wapi pa kunyamaza. Ukiwaacha wakisie, mhariri atalazimika kukata katikati ya pumzi zao. Mwanzoni kila upande upewe sekunde 40 hivi, kisha 20, kisha 10, hadi zibaki 2 au 3. Onyesho zima lisizidi dakika 8.

Kabla halijaisha, mtumishi mzee Catherine Leroux anapewa medali ya fedha ya thamani ya faranga 25 kwa kufanya kazi miaka 54 katika shamba moja. Kiasi hicho kisikike wazi kabisa. Ndicho kipimo cha mtazamaji: saa moja baadaye, Emma anapodaiwa faranga 8,000 zilipwe ndani ya saa 24, hatahitaji kuelezwa ukubwa wake.

Mawazo ya Emma

Sauti ya msimulizi ndiyo tego kubwa. Katika riwaya, mawazo ya Emma yanapita ndani ya sentensi za msimulizi bila alama, na haiba yake iko hapo hapo. Ukiyageuza kuwa sauti inayosomwa juu ya picha, anakuwa mtu wa kujieleza, ilhali shida yake ni kwamba hajielewi. Tumia vitu. Onyesha kibweta cha sigara walichookota njiani baada ya dansa, kisha uso wake, kisha Charles akikohoa kwa kuvuta sigara iliyokuwamo. Hakuna neno linalohitajika.

Safari ya Emma na Léon ndani ya gari la farasi jijini Rouen ipigwe kutoka nje tu. Mapazia yamefungwa, dereva haelewi, na gari linazunguka hadi saa kumi na mbili jioni. Kamera ikiingia ndani, nguvu yote imekwisha. Picha 8 hadi 10 zinatosha, ya mwisho ikiwa mkono unaotupa vipande vya barua iliyochanwa. Magurudumu ya chuma juu ya mawe huua maikrofoni, kwa hiyo sauti ya dereva irekodiwe baadaye.

Mavazi na mwanga

Hadithi inafika miaka ya 1840. Maduka ya kukodisha mavazi yatakuletea magauni yenye kizimba cha vyuma ndani cha kutanua sketi. Yakatae, kwani kizimba hicho kilikuja mwaka 1856. Unachohitaji ni magaguro 5 au 6, moja likiwa limefumwa kwa singa za farasi. Kataa pia zambarau kali, maana rangi ya kwanza ya viwandani ya aina hiyo nayo iligunduliwa 1856. Hariri ngumu hukwaruza kwenye maikrofoni ya kifuani, kwa hiyo ijaribu siku ya kupima mavazi, mwigizaji akitembea na kukaa.

Kila gauni jipya la Emma lazima lionekane kwenye daftari la Lheureux: mtunza mavazi na mwandishi wakae pamoja walinganishe. Koti la Charles, kinyume chake, lizidi kuchakaa. Gauni la harusi lishonwe mara mbili. Emma anazikwa nalo, na wanawake wanapomwinua kumvika shada, kioevu cheusi kinamtoka mdomoni. La pili liachwe wazi mgongoni, kwa kuwa kumvika mwigizaji aliyelala ni kazi ya saa nzima.

Mishumaa ya kasri iwe ya nta, ya nyumbani Tostes iwe ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na mwanga hafifu. Tofauti hiyo inasema mengi kuhusu anachokitamani Emma. Mshumaa hupungua kama sm 2 au 3 kwa saa, kwa hiyo kata mapema urefu tofauti na uandike namba ya onyesho chini ya kila mmoja. Bila hivyo, ukihariri utaona mshumaa ukirefuka katikati ya mazungumzo.

Kwenye dansa, usiache kioo kinachovunjwa. Joto likizidi, mtumishi anavunja vioo viwili vya dirisha, na Emma anaona nje nyuso za wakulima wakichungulia. Ni watu wa kwao. Tumia kioo cha sukari, yaani kioo bandia kinachovunjika bila kukata, na wachunguliaji 6 tu, karibu sana na lenzi.

Kurasa nane za mwisho

Charles anazikuta barua za mahawara, kisha anafia kwenye benchi bustanini ameshika shungi la nywele za Emma. Berthe, bintiye, anamsukuma akidhani anacheza. Vitu vyote vinauzwa. Zinabaki faranga 12 na senti 75, nazo ni nauli ya mtoto kwenda kwa bibi yake. Bibi naye anafariki mwaka huo huo, na shangazi anampeleka kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba. Sarafu zihesabiwe mezani moja moja, kwa mkono usioonyeshwa uso wake, sauti ya mashine ikianza kuingia kabla ya sarafu ya mwisho.