Jinsi ya kunoa patasi ya Kijapani bila kuiharibu

Kwanza jua umeshika nini. Mhunzi wa Japani anaunga vyuma viwili motoni, chuma laini kwenye mwili na cha pua kigumu kweli kwenye makali. Ufundi huo umetoka kwa wafua panga, maana serikali ilipopiga marufuku watu kutembea na panga mwaka 1876 wengi wakahamia kwenye zana za maseremala, na Chiyozuru Korehide wa Tokyo, ambaye majembe yake ya randa (vile vyuma vya kukatia) bado yanatafutwa mpaka leo, alifunzwa na ukoo wa hao hao.

Haya, loweka jiwe la kunolea namba 1000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi). Laza mteremko wote wa makali kwenye jiwe, ni kama digrii 30 hivi, sukuma na kuvuta taratibu mpaka usikie kichembe, yaani kile kiukingo cha chuma kinachojikunja, kidoleni upande wa pili, alafu hamia namba 6000. Geuza, nyuma ilale flati kabisa, sugua kidogo tu kuondoa kichembe. Lile bonde la nyuma usihangaike nalo, mhunzi kaliweka makusudi ili usisugue eneo kubwa.

Na grainda ya umeme weka mbali jamani, makali yakishika moto ugumu wote kwisha.