Ubao wa kufundishia vijana umeme: mimi nautengeneza hivi

Kijana akija kwenye karakana yangu hapa Majengo kutaka kujifunza umeme, simpeleki kwa mteja. Anaanzia kwenye ubao. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimebanana, na kiungo kimoja kilicholegea kinaweza kuondoka na majirani wote.

Nunua karatasi ya tripleksi, ile ya sentimita 122 kwa 244, uikate vipande vinne. Unene usipungue milimita 12, la sivyo skrubu zitatokea nyuma. Ubao usimame ukutani, maana kwa watu kijana atafanya kazi juu ya ngazi, si mezani. Weka dijonkta (kifaa kinachojikata chenyewe mkondo ukizidi) ya ampea 10 kwa taa na ya 16 kwa prizi, yaani soketi za kuchomekea, difaransieli ya miliampea 30 (hii inakata umeme ukivuja nje ya njia yake), swichi, prizi yenye ardhi (waya wa usalama unaoshuka udongoni), vishikio vya taa na maboksi. Waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa prizi. Buluu ni nyutro, waya unaorudisha umeme, kijani-njano ni ardhi, na hapo sitaki ubishi hata kama rangi imeisha dukani.

Zoezi la kwanza ni taa moja na swichi moja, swichi ikate fezi, waya unaoleta umeme. Akiikatia nyutro, taa itawaka na kuzimika vizuri tu, ila kishikio kitabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Halafu swichi mbili kwa taa moja, halafu prizi.

Usikimbilie volti 220. Anza na betri ya volti 12, yenye fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha ya chanya. Betri ikipigwa shoti inayeyusha waya. Siku ya 220, pitisha fezi inayolisha ubao kwenye taa ya zamani ya wati 60, si ya LED. Kukiwa na shoti, taa hiyo itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachoungua. Lakini haimlindi mtu: inapitisha kama robo ampea, na hiyo inaua. Kwa hiyo difaransieli inabaki, mikono inakaa mbali.

Sasa ndiyo kazi. Jioni, vijana wakishaondoka, natega hitilafu. Nakunja waya mahali pamoja mpaka shaba ikatike ndani, plastiki ibaki nzima. Nalegeza skrubu moja. Au naunganisha nyutro na ardhi ndani ya boksi, na hii ndiyo inayowatesa: taa ndogo inaweza kuwaka bila shida, ila ukitoa ile taa ya wati 60 ukachomeka pasi, difaransieli inaanguka. Basi wote wanailaumu pasi! Kila mmoja aandike kwanza anachoshuku, azime, apime, ndipo afungue. Anayefungua maboksi ovyo namrudishia ufagio.

Kitu kimoja ubao haukifundishi ni ardhi. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na chuma cha ardhi kinachopigiliwa chini kinagonga mwamba kabla hakijazama. Kwa hilo nenda nao kiwanjani, wakuone ukitafuta penye udongo, na upime mbele yao kabla ya kufukia, hata mwenye nyumba akikuharakisha.