Kabla ya kuhesabu kilomita, hesabu hedhi

Nilikuwa na miaka 24 mfupa wangu wa muundi ulipopata ufa. Sikuanguka wala sikugongwa. Nilikuwa nakimbia tu kama asubuhi nyingine zote. Daktari alipoiona picha hakuniuliza habari za viatu. Aliuliza hedhi yangu ya mwisho niliipata lini. Ilikuwa miezi tisa nyuma, na mimi niliona nimepata nafuu.

Basi dada, anzia hapo. Weka alama kwenye kalenda kila mwezi. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, na huna mimba, hunyonyeshi, wala hutumii uzazi wa mpango unaoisimamisha, nenda kamwone daktari. Estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikatika hivyo, ndiyo inayozuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Mwili ukipewa kazi nyingi na chakula kidogo huanza kubana matumizi, na hedhi huwa miongoni mwa vya kwanza kukatwa. Usisubiri ukonde ndipo ushtuke. Uzito wangu ulikuwa wa kawaida kabisa.

Ukienda, nenda na karatasi. Andika kama mama au bibi yako aliwahi kuvunjika nyonga, kama unavuta sigara, unakunywa pombe sana, au uliwahi kujinyima chakula (hili liandike hata kama unaona aibu, mimi nililificha mara mbili). Andika magonjwa ya tezi ya shingo na ya utumbo usiofyonza chakula vizuri. Andika dawa zote, hasa prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) uliyotumia miezi mitatu au zaidi, na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Sindano hiyo hupunguza madini ya mfupa, ingawa kwa kawaida hurudi ukiiacha. Lakini usiache dawa yoyote kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Si kila msichana anahitaji DEXA, kipimo cha eksirei cha wingi wa madini ya mfupa. Ukipimwa, uliza alama Z, inayokulinganisha na watu wa umri wako. Ikiwa -2.0 au chini yake, mifupa yako iko chini ya kiwango cha umri wako na chanzo lazima kitafutwe. Yangu ilikuwa -2.1.

Tiba yangu ilianzia kwenye sahani: kula zaidi, na kula kabla ya mazoezi. Kalsiamu ni miligramu 1,000 kwa siku kwa wenye miaka 19 hadi 50, na 1,300 kwa wenye miaka 9 hadi 18. Glasi ya maziwa ina kama 300. Ufa ulipopona nikaongeza kuruka kamba na kunyanyua vyuma, maana mfupa hujengeka ukibebeshwa mzigo. Kuogelea na baiskeli havisaidii sana hapo.

Hedhi ilirudi mwezi wa tano. Nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda.