Kukata shafti ya mviringo kwa msumeno wa mkanda

Anayekata nondo au shafti kwa msumeno wa mkanda wa kusimama asiishike kwa mikono mitupu, kwa sababu meno yanapoiuma huivuta chini na kuizungusha, na ikishazunguka, mkanda hujipinda na kukatika, au vidole huvutwa kuelekea kwenye meno. Ifungwe kwenye jiliwa dogo linalosukumwa juu ya meza, au ilazwe kwenye kipande cha chuma chenye mfereji wa umbo la V na kubanwa kwa klampu. Chuma bapa hakina matata hayo, ila unene wake ndio unaoamua mkanda: angalau meno 3 yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja, la sivyo jino hunasa ukingoni na kung'oka.

Kabla ya kuwasha, shusha kiongozi cha juu (kishikizi kinachouongoza mkanda) kibaki milimita 5 hivi juu ya chuma kinachokatwa, ili sehemu ya mkanda iliyo wazi iwe fupi. Mashine ya mbao isitumike kwa chuma cha kawaida, kwani mkanda wake hukimbia mita 900 hivi kwa dakika, ilhali chuma hicho hutaka kati ya 30 na 90.

Miwani ivaliwe, lakini glavu zivuliwe, ingawa wengi huziona kuwa kinga. Uzi mmoja ukinaswa huvuta mkono mzima. Mkato ukikaribia kuisha, punguza nguvu na usukume kwa kipande cha mbao.