Valvu au transista? Geuza spika kwanza

Wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja mstaafu aliingia karakanani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akanionyesha kwenye simu picha ya amplifaya, yaani kikuza sauti, ya valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, inayowaka kama taa za maulidi. Mwanawe yuko Uingereza, amemwambia achague zawadi. "Fundi, niichukue hii au ya transista, ile ya kisasa isiyo na vichupa?" Nikamuuliza spika zake ni za aina gani. Hakujua. Nikamwambia, mwalimu wangu, shikamoo yako nimekupa, lakini rudi nyumbani uzigeuze usome kilichoandikwa nyuma, ndipo tuzungumze.

Nawe fanya hivyohivyo. Nyuma ya spika au kwenye kijitabu chake kuna namba mbili za kutafuta. Moja ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme: 4, 6 au 8. Nyingine ni desibeli, yaani ukali wa sauti inayotoka spika ikilishwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Spika ndogo za kuweka kwenye rafu nyingi zina 85 au 86. Yale makabati makubwa ya zamani hufika 92 na kuzidi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 zinazopungua zinadai wati maradufu. Sauti ambayo spika ya 92 inaitoa kwa wati 5, ya 86 itakudai 20.

Sasa linganisha na valvu zenyewe. Amplifaya yenye EL84 moja kila upande, yaani aina ya valvu ndogo, hutoa kama wati 5. Ukifunga jozi ya EL84 kila upande unapata 12 hadi 15, na jozi ya EL34, valvu kubwa zaidi, hufika 35 hivi. Transista ya bei ya kawaida inakupa 50 bila kutoka jasho. Kwa hiyo mwenye spika za desibeli chache na sebule kubwa, akinunua valvu ndogo, atakuwa amenunua pambo.

Kuhusu utamu, sibishani na mtu. Ila yule anayekuambia valvu ndiyo sauti "halisi" mwulize vizuri. Valvu huongeza kitu: noti ikipigwa, chini kwa chini inaongezewa kivuli chake oktava moja juu, na sikio linakipenda. Ni chumvi kwenye mchuzi. Na ikilemewa, hulainisha kilele cha sauti, wakati transista hukikata kama panga. Santuri ya taarab, yenye udi, fidla na sauti ya mwimbaji, kwa valvu nzuri itakufanya uache chai ipoe. Besi ndiyo hulegea kidogo, kwa sababu valvu haiishiki koni ya spika kwa nguvu kama transista inavyoishika. Nyumba yenye vijana wa singeli, chukua transista.

Halafu kuna umeme na joto. Nyuzi za kupasha EL34 moja hula volti 6.3 kwa ampea 1.5, karibu wati 9 na nusu, kabla hujasikia hata noti. Valvu nne ni wati 38 za kupasha tu. Mashine nzima huweza kuvuta 150 hata ikiwa kimya. Februari ya Tanga hiyo ni jiko chumbani. Anayetumia sola asijisumbue kabisa.

Valvu pia huchakaa. Zile za nguvu hudumu saa 2,000 hadi 5,000. Ukisikiliza saa tatu kila siku, hiyo ni miaka miwili hadi mitano. Mpya zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo tenga pesa ya kuagiza. Usiiwashe kamwe bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usiifungue. Ndani kuna volti 300 hadi 400, na kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, huzishika hata baada ya kuzima. Nilipokuwa mwanafunzi kwa mjomba niliigusa moja iliyokwisha kuchomolewa. Nilirushwa mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunawia, na mjomba akacheka kwanza ndipo akanipa pole.

Ukiamua transista ya mtumba, kuna mtego mmoja unaonilisha: mashine zilizouzwa Japani kwenyewe ni za volti 100. Soma kibati cha nyuma. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, utasikia harufu kabla ya muziki. Kama ni 100, ongeza bei ya transfoma ya kupunguza umeme. Iwashe bila spika (ya transista haidhuriki kama ya valvu), usubiri ule mlio wa "ta!" wa relei, swichi ya ndani inayounganisha spika, kama inayo, kisha weka mita ya kupimia umeme kwenye matundu ya spika. Isizidi milivolti 50 za umeme mnyoofu (DC). Ukiona volti nzima, iache hapohapo, itachoma spika zako. Volyumu ikifanya krakra ni uchafu tu, huo utumie kuomba punguzo.

Machotara nayo yapo, valvu mbele na transista nyuma. Mengine mazuri. Yale ya bei chee chungulia chini ya valvu: ukiona kitaa cha rangi ya machungwa, umeuziwa mwanga.

Mwalimu alirudi Jumamosi. Spika omu 6, desibeli 86, sebule imefunguka hadi uani. Nikamwambia amwandikie mwanawe: transista, wati 50, volti 230, na chenji itakayobaki anunue sindano mpya ya gramafoni, maana aliyonayo inakwangua santuri za marehemu mkewe.