Kuonja barfi, peda na rasgulla kwa kupima, sio kwa kusema "tamu" tu

Ukimpa mtu barfi au peda, vile vitamu vya Kihindi vya maziwa na sukari, aonje atakwambia "tamu", basi, na jibu hilo halikusaidii kitu maana sukari ikiwa nyingi kila kitu kitamu. Kwanza amua unatafuta nini, watu wanaipenda au lah, ama yenyewe ikoje, hayo ni maswali mawili na usiwaulize watu walewale. La kupenda waulize walaji wa kawaida, wengi kadiri utakavyopata, skeli ya 1 hadi 9 (1 siipendi kabisa, 9 naipenda mno). La ikoje waachie wachache, 8 hadi 12 hivi, ila wafundishe kwanza na mkubaliane maneno.

Vipande viwe saizi moja, sahani zifanane, na usivitoe friji ukavigawa hapohapo, samli ikiganda harufu huisikii. Vipe namba za tarakimu tatu kama 417 au 862, A na B hapana, mtu akiona A kichwani ishakuwa nambari wani. Mpangilio ubadilishe kwa kila mwonjaji, katikati wasukutue kwa maji ya vuguvugu, na sampuli 4 au 5 zinatosha. Waliojipulizia pafyumu wakae nyumbani, sitanii.

Anza na macho: rangi, mafuta yaliyovuja juu, ukungu kwenye kona. Halafu vunja unuse papo hapo. Harufu ya maziwa yaliyopikwa sana inayokaribia njugu hiyo ndiyo yenyewe, ila moshi, kuungua, uchachu au samli iliyoharibika ni kasoro. Na iliki ikikupiga puani kabla ya maziwa mimi huanza kushuku, ndiyo maana khoa, lile donge la maziwa ambalo ndilo msingi wa barfi na peda, nzuri kuionja kabla haijatiwa viungo wala sukari.

Sasa mdomoni, hapa ndio wengi wanachanganya. Khoa ni maziwa yaliyochemshwa huku yanakorogwa mpaka yakawa donge, maji yameondoka lakini sukari ya maziwa imebaki yote, na sukari hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye maji kidogo hivyo ikikaa kwenye baridi inajikusanya kuwa fuwele, ndio ule mchanga unaousikia. Lakini chenga zingine ni halali, kalakand (kama barfi, ila ya maziwa yaliyogandishwa yakawa chengachenga) bila chenga sio kalakand! Kutofautisha, bonyeza kwa ulimi juu kwenye kaakaa kisha tafuna taratibu: chenga za mgando zinalainika na kubonyea, fuwele zinasagika kwenye meno krr krr. Hizo za pili kata maksi bila huruma.

Rasgulla, kidonge cha maziwa ya mgando kilichopikwa ndani ya shira, ibonyeze kwa vidole, irudi kama sponji na shira itoke. Gulab jamun, kidonge cha khoa kilichokaangwa kikalowekwa shira, ikate katikati kabla mtu hajaonja, ukikuta kiini kikavu shira haikufika.

Kama umebadilisha maziwa na unataka kujua kama watu watashtuka, mpe kila mtu vipande 3, viwili vya aina moja, aseme kipi cha kando, na nafasi za vipande uzizungushe. Kwenye watu 24 kubahatisha tu kunakupa kama 8, kwa hiyo wakipatia 13 kwenda juu ndio useme tofauti ipo. Na usiwaulize hapohapo kipi wamekipenda, aliyeshindwa kukitambua cha kando jibu lake la kupenda ni la kubuni.